Kompyuta Isiyo na Jina ni Mgeni Nyumbani

Hapana mzazi katika nchi hii ambaye mwanawe akizaliwa humpa nambari na kuridhika. Huku kwetu Laare, na kote Umeru, jina ni maelezo. Kawira ni mchapakazi, Kagendo ni msafiri, Makena ni mwenye furaha, naye Murithi ni mchungaji wa mifugo. Marika nayo yana majina, Ratanya, Lantare, Michubu na mengineyo, na mzee akilitaja rika lake, msikilizaji ajuaye mila hukadiria umri wake na heshima anayostahiki. Hata mnunuzi wa miraa aliyeko Eastleigh, akiagiza giza au kangeta, hahitaji kuelezwa mti uko shambani mwa nani. Jina limekwisha kufanya kazi yake.

Ajabu ni kwamba watu wawa hawa wenye utajiri wa majina huiingiza kompyuta nyumbani au darasani na kuiacha miaka na miaka ikiitwa kwa jina ililotoka nalo dukani, yaani neno la kigeni likifuatwa na mkururo wa herufi na tarakimu zisizo na maana. Wakitaka kuifikia kutoka kwenye mashine nyingine, huitafuta kwa nambari kama 192.168.1.37 iliyoandikwa kwenye kipande cha karatasi. Karatasi ikipotea, au nambari ikibadilika, kazi husimama mpaka fundi aitwe.

Maoni yangu ni kwamba jambo hili linaloonekana dogo ndilo linalowafanya walimu na wanafunzi wengi wawe wapangaji katika mitandao yao wenyewe. Kuupa mtandao wa nyumbani au wa shule majina ni ujuzi unaoweza kufunzwa kwa vipindi vichache. Hauhitaji fedha nyingi, na wala hauhitaji intaneti. Walimu wakiuacha mikononi mwa mafundi peke yao, watakuwa wameacha nusu ya somo.

Ili nisionekane nazungumzia mambo ya hewani, nitataja niliyoyaona. Mwaka wa 2016 serikali ilianza kuzifikishia shule za msingi za umma vifaa vya mpango wa ujuzi wa kidijitali. Wengi wanakumbuka vile vibao vya wanafunzi wa darasa la kwanza, lakini ndani ya furushi lile mlikuwa pia na kifaa cha mwalimu, projekta, na seva ndogo ya kuhifadhia masomo iliyounganishwa na ruta isiyotumia waya. Wazo lake lilikuwa la busara: masomo yakae shuleni, ndani ya seva, na mwanafunzi ayafikie bila ya shule kununua hata shilingi moja ya intaneti.

Katika shule moja ambayo sitaitaja, nilikuta seva ya namna hiyo ikiwa nzima, taa zake zikiwaka, na haitumiki. Ukutani palibandikwa karatasi yenye nambari ya kuifikia. Ruta ilikuwa imebadilishwa, nambari za mashine zote zikabadilika nayo, na ile iliyokuwa ukutani haikumpeleka mtu popote. Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani kompyuta imehama?" Mtoto yule alikuwa ameligundua tatizo kuliko watu wazima. Kompyuta ilikuwa haijahama hata hatua moja. Kilichohama ni nambari yake, na kwa kuwa haikuwa na jina, hapakuwa na namna ya kuiita.

Tatizo hili si geni, wala si la Laare peke yake. Waliouanzisha mtandao wa ARPANET huko Marekani, ambao ndio mama wa intaneti, walikumbana nalo mapema. Nambari za mashine ziliwachosha, wakaamua kuzipa mashine majina, na orodha ya majina yote ikawekwa katika faili moja iliyoitwa HOSTS.TXT. Faili hiyo ilitunzwa katika kituo cha habari za mtandao cha taasisi ya SRI, huko Menlo Park, California, chini ya uongozi wa mwanamke aitwaye Elizabeth Feinler. Aliyetaka mashine yake ijulikane aliarifu kituo. Kituo kiliongeza jina lake. Na wengine wote walichukua nakala mpya ya faili.

Mpango huo ulifaa wakati mashine zilipokuwa chache. Zilipoongezeka, faili ilinenepa, nakala zikapishana, na majina yakaanza kugongana. Mwaka wa 1983 Paul Mockapetris alichapisha mpango wa kuigawa orodha hiyo, kila eneo litunze majina yake lenyewe na kujibu maswali kuyahusu. Huo ndio mfumo wa majina ya vikoa, ujulikanao kwa herufi zake DNS. Kenya ilipata eneo lake, .ke, mwaka wa 1993, na baadaye kazi ya kulisimamia ikawa ya shirika la KENIC lililoundwa mwaka wa 2002. Chini ya .ke kuna vyumba mbalimbali: .co.ke kwa biashara, .ac.ke kwa vyuo, .go.ke kwa serikali, na .sc.ke kwa shule.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Wenye lugha walipotafuta jina la Kiswahili la eneo kama hilo, walilichagua neno kikoa. Kikoa katika matumizi ya asili ni chakula kinacholiwa kwa ushirika, kila mmoja akikitoa kwa zamu yake. Sijui kama neno lingeweza kuchaguliwa vizuri zaidi. Mtandao wa majina unasimama kwa sababu kila mwenye eneo huleta sehemu yake mezani. Asiyeleta chochote hula cha wenzake, na siku wenzake wakikosekana hulala na njaa.

Sasa tuje nyumbani. Nyumba ya mwalimu hapa Laare siku hizi yaweza kuwa na kompyuta ya mezani, ya mkononi, printa, simu tatu au nne, na pengine kompyuta kuukuu iliyogeuzwa kuwa ghala la vitabu na mitihani ya zamani. Vyote hivyo huunganishwa na ruta moja. Ruta hiyo hugawa nambari kutoka mafungu yaliyotengwa mwezi wa Februari 1996 kwa matumizi ya ndani: yale yanayoanza kwa 10, kwa 172.16 hadi 172.31, na kwa 192.168. Nambari hizo ni kama nambari za ploti sokoni. Ploti nambari 10 ipo Laare, ipo Maua na ipo Mutuati, na hakuna ugomvi, maadamu kila moja inajulikana ndani ya soko lake.

Lakini ruta haimpi mtu nambari ya kudumu. Humkopesha kwa muda. Umeme ukipotea na kurudi, nayo huku kwetu ni habari ya kawaida, huenda printa iliyokuwa na nambari 12 ikarudi na 15. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuiagiza ruta iiwekee kila mashine muhimu nambari yake, kwa kuitambua kwa anwani ya kudumu iliyotiwa na kiwanda katika kifaa chake cha mtandao. Ukurasa wa mipangilio wa ruta nyingi una nafasi ya kufanya hivyo. Asiyeanza na hatua hii, majina yake yote yatakuwa yanaelekeza kwenye nyumba zilizohamwa.

Hatua ya pili ni kuipa kila mashine jina lake yenyewe, katika mipangilio yake. Hatua ya tatu ni kuzifahamisha mashine nyingine. Njia nyepesi kuliko zote ni kurudi kwa mtindo ule wa Feinler: kila kompyuta hadi leo ina faili iitwayo hosts. Katika Linux imo ndani ya /etc. Katika Windows imo ndani ya folda ya System32, chini ya drivers na etc. Mwalimu akiifungua kwa mamlaka ya msimamizi na kuongeza mstari mmoja, jina huanza kufanya kazi papo hapo:

192.168.1.10 kathita.home.arpa kathita maktaba.home.arpa maktaba

Nyumba yenye mashine mbili inatosheka na faili hiyo. Zikiwa sita, au kumi, au thelathini kama darasani, kuandika mstari ule ule katika kila mashine ni adha, na simu hazikubali kufunguliwa faili hiyo kwa urahisi. Hapo ndipo orodha inapowekwa mahali pamoja, ndani ya ruta yenyewe ikiwa inaruhusu, au katika kompyuta ndogo inayoendesha programu kama dnsmasq. Ruta huziambia mashine zote, "Mkitaka kujua jina la mtu wa nyumba hii, muulizeni huyu." Mwanafunzi aliyeyafanya haya mawili kwa mikono yake, kwanza faili kisha seva ya majina, ameipitia historia yote ya 1983 bila kukariri tarehe hata moja.

Yapo mambo mawili madogo yanayowakatisha watu tamaa, nami nayataja ili mwalimu asifadhaike mbele ya darasa. La kwanza, ukiandika neno moja tu, kama maktaba, kwenye kivinjari, aghalabu kitadhani unatafuta habari intaneti. Tanguliza http:// au malizia kwa mkwaju, nacho kitaelewa. La pili, baadhi ya simu na vivinjari vimepangwa kuuliza majina yote kwa seva za mbali, kwa njia ya siri. Hivyo havitaisikia ruta ya nyumbani hata ikipiga mbiu. Mpangilio huo hauna budi kuzimwa katika vifaa vinavyohitaji majina ya ndani, au virekebishwe viiulize ruta kwanza.

Msomaji makini ameona kwamba niliandika home.arpa baada ya jina kathita. Hilo ndilo jina la kikoa cha nyumbani, na ndipo wengi wanapojikwaa. Mtu hudhani kwamba, kwa kuwa mtandao ni wake, anaweza kubuni mwisho wowote autakao. Watengenezaji wengi wa programu walizoea kuziita mashine zao za majaribio kwa mwisho wa .dev. Kumbe mwisho huo ulikuwa umekwisha kuwa mali ya Google, na mwezi wa Desemba 2017 kivinjari cha Chrome kikaanza kuilazimisha kila anwani ya .dev itumie njia iliyofumbwa kwa siri. Kazi za watu zikakwama asubuhi moja bila wao kugusa chochote.

Yaliyotokea Ujerumani yanatisha zaidi. Kampuni ya AVM ilikuwa imeuza ruta nyingi za nyumbani ambazo wenyewe huzifikia kwa kuandika fritz.box. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la ndani tu. Mwisho wa .box ulipofunguliwa kwa umma, mtu asiyehusika na kampuni hiyo akalisajili jina hilo mwezi wa Januari 2024. Aliyeliandika akiwa nje ya nyumba yake akapelekwa mlangoni kwa mgeni. Ukijenga juu ya ardhi isiyo na hati, usishangae mwenye hati akija.

Kwa bahati njema, ardhi yenye hati ipo. Mwaka wa 2018 wasimamizi wa viwango vya intaneti waliitenga home.arpa kwa ajili ya mitandao ya nyumbani. Mwezi wa Julai 2024 shirika la ICANN, linalosimamia majina ya dunia nzima, liliamua kwamba mwisho wa .internal hautauzwa kamwe, ubaki kwa matumizi ya ndani. Mwisho wa .local nao ulitengwa mwaka wa 2013, lakini kwa kazi maalumu: mashine zenyewe kuitana kwa kupaza sauti ndani ya mtandao bila ya seva ya majina. Asiuchanganye mtu na orodha yake mwenyewe, kwani sauti mbili zitajibu swali moja. Nayo shule yenye jina lake la .sc.ke haina haja ya kuazima: inaweza kukata sehemu ya kikoa chake na kuitumia ndani.

Tumefika penye utamu, nao ni uchaguzi wa majina. Mwezi wa Agosti 1990 Don Libes aliandika waraka mfupi wa kuwashauri watu jinsi ya kuzipa kompyuta majina, na nasaha zake hazijachuja. Anaonya, miongoni mwa mengine, usiipe mashine jina lako mwenyewe. Sababu yake ni dhahiri. Kompyuta hubadilisha mikono. Leo ni ya baba, kesho ya binti aliye kidato cha tatu, na watu wataendelea kusema "baba ameharibika" pasipo kucheka. Anashauri pia kuchagua majina ya jamii moja, ili mashine mpya ikija isiwe na shida ya kupata jina.

Mimi nyumbani kwangu nimechagua mito. Ruta inaitwa tana, kwa kuwa mito mingine yote ya upande wetu humiminika humo: Kathita, Ura na Rojewero. Ghala la vitabu ni kathita, kompyuta ya mezani ni ura, na ya mkononi ni rojewero. Jirani anaweza kuchagua ndege, au milima, au vyombo vya jikoni. Watoto wa nyumba yangu walijifunza ramani ya mto Tana kwa sababu ya printa, jambo ambalo sikulipanga.

Lakini katika mstari ule kathita ina jina la pili, maktaba, na hapa pana somo ambalo mwalimu yeyote atalielewa upesi. Mwalimu mkuu ni cheo. Anayekishika ni mtu. Mtu akihamishwa, cheo hubaki shuleni na barua zinaendelea kuandikwa kwa Mwalimu Mkuu. Kathita ni mtu, maktaba ni cheo. Wanafunzi huambiwa waandike maktaba. Siku kathita ikifa, vitabu vitahamishiwa ura, nalo jina maktaba litahamishwa kwa kubadilisha mstari mmoja, wala hakuna mwanafunzi atakayejua kwamba msiba ulitokea. Lau shule ile niliyoitaja ingekuwa na jina la namna hii, kubadilishwa kwa ruta kungegharimu dakika tano.

Kanuni za maandishi ni chache. Herufi za a hadi z, tarakimu, na kistari. Kistari kisianze wala kisimalize. Herufi kubwa na ndogo ni sawa. Sehemu moja ya jina isizidi herufi 63, ingawa kwa ajili ya Windows ni heri isizidi 15. Mwalimu wa Kiswahili atahuzunika kuona kwamba ng'ombe hapiti, maana ile alama ya ritifaa hairuhusiwi, na kumwita ngombe ni kosa la tahajia. Herufi za ĩ na ũ za lugha zetu nazo zahitaji njia ya kuzungukia, iliyowekwa mwaka wa 2003. Nyumbani ni rahisi zaidi kuchagua mbuzi.

Wapo watakaosema haya ni ya mafundi. Nawauliza: je, kuandika jina la mwanafunzi katika rejista ni kazi ya fundi? Mtaala wa umilisi uliotandazwa kote nchini mwaka wa 2019 unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi wa msingi. Ujuzi huo hauwezi kuwa kugusagusa kioo peke yake. Wapo pia watakaosema kwamba kila kitu siku hizi kipo intaneti. Kipo, kwa aliye na fedha za bando. Mwanafunzi ambaye mzazi wake anasubiri bei ya miraa ipande hana fedha hizo kila juma, ilhali maktaba iliyo ndani ya chumba haimdai kitu.

Wengine wataogopa kwamba jina litamwonyesha mwizi njia. Hofu hii ina chembe ya ukweli. Asiyeingia katika mtandao wako hawezi kuliuliza jina lako la ndani, lakini aliyeingia anaweza. Kwa hiyo kompyuta inayohifadhi mitihani isiitwe mitihani. Iitwe mto kama ndugu zake, na ilindwe kwa nywila nzuri.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila shule yenye vifaa iwe na daftari moja ambamo jina la kila mashine, nambari yake na kazi yake vimeandikwa, na nakala iwekwe ofisini. Kila darasa linalofunzwa kompyuta lipewe vipindi viwili vya kuzipa mashine majina, wanafunzi wenyewe wakibishana na kuafikiana. Walimu wanaohudhuria semina za likizo waombe wafunzwe mipangilio ya ruta, badala ya kuonyeshwa tena jinsi ya kuandika barua. Fundi akija kubadilisha kitu, asiondoke kabla hajaandika katika daftari lile alichobadilisha. Ratiba ya muhula ujao ikipangwa, vipindi hivyo viwili vipatiwe nafasi yake, na zoezi la kwanza liwe kuifungua ile faili ya hosts na kuongeza mstari mmoja.